Kahama na Geita Wasivutane Mashati

Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulizalisha dhahabu kuanzia 2009 hadi 2021. Mitambo ilipozimwa, ushuru wa huduma uliokuwa ukiingia halmashauri nao ukakauka. Ila mgodi haukuacha mashimo matupu: kuna uwanja wa ndege, umeme, maji na majengo ya ofisi. Eneo hilo sasa limefanywa ukanda maalumu wa kiuchumi, na chambo chake ni kodi. Tangu enzi za EPZA, mamlaka iliyosimamia kanda za aina hiyo, mwekezaji wa kuuza nje husamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, na tozo za halmashauri kwa muda huohuo.

Chambo cha kodi hunasa kweli. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi mwaka huo soko la madini likafunguliwa Geita, na wanunuzi, wapimaji na maofisa wa madini wakakaa chini ya paa moja. Kahama nayo ikapata soko lake. Dhahabu iliyokuwa ikipenya vichochoroni ikaanza kupita mezani.

Tofauti ni kwamba ule msamaha ulimfikia mtu mwenye sururu na karai. Wa Buzwagi unaifikia kampuni, na sehemu ya gharama yake inabebwa na halmashauri, yaani zahanati na madawati. Kahama ikishusha tozo, Geita nayo itataka kushusha, na Mwanza, yenye kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu 2021, haitakaa ikitazama. Kampuni itachagua, miji itabaki kuhesabu hasara.

Ndiyo maana wananchi wa pande zote mbili wana kazi ya pamoja. Vikao vya mabaraza ya madiwani viko wazi kwa umma, waende, wakakae. Waulize msamaha unaisha lini, ajira ngapi zimeahidiwa kwa maandishi, na ngapi ni za vijana wa hapa. Wakinyimwa jibu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawaruhusu kuomba kwa barua. Kisha madiwani wa Kahama na Geita wasukumwe wakae meza moja, wakubaliane kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Mipaka ya mikoa haijawahi kuwa kizuizi: manufaa ya mgodi wa Bulyanhulu yanafika Msalala, mkoani Shinyanga, na Nyang'hwale, mkoani Geita.

Barua ya kwanza inaweza kuandikwa kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka.