RAID ya nyumbani: diski ikifa, usiguse kitu kwanza

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi kidogo na ushauri unaotolewa ovyo ovyo kuhusu RAID. Mwambie mtu yeyote anayejiita fundi kwamba diski moja ya kisanduku chako cha NAS imekufa, atakujibu upesi: "Toa hiyo, weka mpya, bonyeza kujenga upya, nenda ukanywe chai." Mara nyingi inafanya kazi, sikatai. Lakini siku isipofanya kazi, ni ushauri huo huo unaomaliza data. Kwa maoni yangu, kwenye RAID za nyumbani data hazipotei sana wakati diski inapokufa. Hupotea katika saa chache zinazofuata, na anayezipoteza ni mtu mwenye nia njema na bisibisi mkononi.

Tuanze na msingi kwa wale ambao hawajawahi kuvifungua visanduku hivi. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyolipa jambo hili jina la RAID. Wazo lao lilikuwa rahisi: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ya kuua, unganisha nyingi za bei nafuu, kisha uweke hesabu ya ziada ili moja ikifa nyingine ziweze kuikumbuka. Kwenye RAID 5, chukulia diski ya kwanza ina 5, ya pili 3, ya tatu 4, na ya nne inabeba jumla, yaani 12. Diski ya pili ikifa, unatoa 5 na 4 kutoka 12 na unapata 3 yako. Tarakilishi haijumlishi hivyo hasa, inatumia hesabu ya XOR kwenye biti, na jumla hiyo, iitwayo pariti, husambazwa katika diski zote. Lakini mantiki ni hiyo hiyo. Na tazama sharti lake: ili kuipata ile 3, lazima diski ZOTE zilizobaki zisomeke. Moja ikigoma mahali fulani, hesabu ya mahali hapo haipo tena.

Sasa diski zimekuwa kubwa. Kusoma diski ya TB 4 kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde kunachukua zaidi ya saa saba, na hiyo ni ikiwa haifanyi kazi nyingine yoyote. Kujenga upya maana yake ni kuzilazimisha diski zako zote zilizochoka kukimbia mbio ndefu kwa pamoja, katika siku ambayo mwenzao ameanguka. Mara nyingi zilinunuliwa siku moja, duka moja, pengine zilitoka kiwandani wiki moja, na zimekaa kwenye joto lile lile kwa miaka minne.

Mwaka 2007 mwandishi Robin Harris aliandika kwenye ZDNet kwamba RAID 5 ingeacha kufaa ifikapo 2009. Hesabu yake ilitokana na karatasi za watengenezaji, zinazosema diski ya kawaida inaweza kushindwa kusoma sekta moja katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni kama TB 12.5. Mimi naona alitia chumvi. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi yake, na watu wanajenga upya RAID 5 kubwa kuliko hiyo kila siku bila tatizo. Lakini upande aliokuwa akielekeza kidole ulikuwa sahihi. Mwaka huo huo watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakaona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji wakati wa ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Nao Bianca Schroeder na Garth Gibson (ndiyo, yule yule wa 1988) wakaonyesha kwamba vifo vya diski havitokei kila kimoja kivyake kama hesabu za vitabuni zinavyodhani. Huja vikifuatana.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalonipa matumaini kila ninapoletewa kisanduku kilichokufa. Diski iliyofukuzwa kwenye safu si lazima iwe imekufa. Diski za kawaida za mezani zikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana nayo, hata dakika nzima au zaidi. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha huamua kwamba kifaa kimepotea. RAID nayo inaitoa diski nzima kwa sababu ya kipande kidogo mno. Kwa hiyo unaposoma "diski 2 zimeshindwa" na moyo ukaruka, yawezekana kabisa kwamba moja kati yake inasomeka karibu yote. Kebo ya SATA iliyolegea pia hufanya mchezo huo huo.

Nitawapa mfano ulio karibu na nyumbani. Binamu yangu ana studio ya picha Nakuru: harusi, ruracio, mahafali, matanga. Kisanduku chake kilikuwa na diski nne za TB 4 katika RAID 5. Diski ya kwanza ilifukuzwa mwezi wa Machi. Kisanduku kililia, na mtu fulani pale dukani akakizima king'ora kwa sababu kilikuwa kinasumbua wateja. Kazi ikaendelea kwa diski tatu. Mwezi wa Oktoba ikaanguka ya pili, na hapo kila kitu kikatoweka.

Alinipigia simu fundi wa jirani akiwa tayari amesimama pale. "Ndugu, huyu anasema turudishe ile ya kwanza, inawaka vizuri, halafu tujenge upya." Nikamwambia asirudishe kitu, azime, achomoe stima, na aandike namba kwenye kila diski kwa kalamu kulingana na nafasi yake. Shangazi akachukua simu. "Mwanangu, picha za matanga ya babu yako ziko humo. Mimi zingine sina." Nikamwambia, "Shangazi, zipo. Ilimradi kisiwashwe."

Mbona ushauri wa yule fundi ulikuwa hatari? Ile diski ya kwanza ilikuwa nzima, ndiyo, lakini ilikuwa na picha ya dunia ya mwezi wa Machi. Ukiichanganya na wenzake wa Oktoba, unafanya kutoa na kujumlisha kwa namba zisizohusiana, kisha matokeo hayo mabaya unayaandika juu ya data nzuri. Hakuna programu ya kurudisha kitu kilichoandikiwa juu namna hiyo.

Visanduku vingi vya nyumbani, vikiwemo vya Synology na QNAP, ndani yake ni Linux tu na mdadm. Hilo ni jambo zuri sana, kwa sababu diski zake unaweza kuzichomeka kwenye tarakilishi ya kawaida yenye Linux na kuziuliza maswali. Amri ya kwanza ni hii, nayo inasoma tu, haiandiki:

mdadm --examine /dev/sdb3

(Namba ya mwisho ni kizigeu chenye data, hutofautiana kati ya kisanduku na kisanduku.) Kati ya mambo mengi itakayokuonyesha, tafuta mstari wa Events na ule wa Update Time. Events ni kaunta inayoongezeka kila hali ya safu inapobadilika. Diski mbili za binamu zilikuwa na namba sawa. Ile ya Oktoba ilikuwa nyuma yao kidogo tu. Ile ya Machi ilikuwa nyuma kwa maelfu. Hapo hukumu ikawa imetoka: ya Machi iwekwe kabatini, ya Oktoba ndiyo ya kuokolewa.

Kuiokoa kunafanywa kwa kuinakili yote, sekta kwa sekta, kwenye diski mpya, kabla ya jambo jingine lolote. Programu ninayoitumia ni GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz. Uzuri wake ni kwamba inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaziruka zenye shida, halafu inarudi kuzibembeleza baadaye. Kila ilichofanya inakiandika kwenye faili ya ramani, hivyo stima ikipotea katikati, unaendelea pale ulipoachia.

ddrescue -f -d -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/sdX /dev/sdY ramani.map

Ya kwanza ni diski mgonjwa, ya pili ni mpya. Soma tena sentensi hiyo. Ukizigeuza utanakili utupu juu ya harusi za watu. Tulikaa siku mbili na usiku wake tukiiangalia ikikwaruza, na mwishoni zilibaki kama MB 3 ambazo hazikusomeka kabisa, kati ya TB 4.

Baadaye nikaiunganisha safu kwa --assemble --force, nikitumia zile mbili nzima na nakala ya ile ya Oktoba. Hata hapo sikuzigusa moja kwa moja. Linux inakuruhusu kuweka pazia juu ya diski, ili kila kinachoandikwa kiende kwenye faili ya pembeni na diski yenyewe ibaki ilivyo. Ukikosea unalitupa pazia na kuanza upya. Msidanganyike kwamba kufungua mfumo wa faili kwa kusoma tu kunatosha: ext4 bado inaweza kurudia jarida lake na kuandika, usipoongeza noload. Faili zikafunguka. Tukazihamishia kwenye diski mbili za nje, na tukapata video chache zenye mabaka na picha kadhaa zilizokatika nusu. Za babu zilikuwa nzima.

Kuna amri moja ambayo ukiiona inapendekezwa, kimbia: mdadm --create juu ya safu ya zamani. Wapo wanaoisifu kwa sababu iliwasaidia. Inaandika maelezo mapya juu ya yale ya zamani, na mpangilio wa diski ukikosea, au data zikianzia mahali tofauti na pale zilipoanzia awali, safu inaanza kusawazisha pariti na kuharibu huku ikikuonyesha asilimia zikipanda vizuri. Ni ya mwisho kabisa, juu ya nakala, kwa mtu anayejua kwa nini ameandika --assume-clean.

Na zile tiba za mtaani? Kuweka diski kwenye friza: unyevu utaganda ndani, na kama kichwa cha kusomea kimegusa sahani baridi haitakiinua. Kubadilisha bodi ya chini kwa ya diski nyingine ya aina moja: zamani iliweza kufaulu, lakini diski za siku hizi huhifadhi kwenye bodi vipimo vya diski hiyo moja tu, hivyo ni lazima kile chipu kihamishwe pia. Kuna mafundi Luthuli Avenue wenye mkono wa kufanya hivyo na nawavulia kofia. Lakini diski ikipiga tiki-tiki, izime. Hiyo inahitaji kufunguliwa mahali pasipo na vumbi, na kila dakika inayowaka inajikwaruza zaidi.

Kwetu kuna na jambo la stima. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima iliingia gizani kwa sababu ya tumbili aliyeangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru (tumbili alipona, na hilo bado linanichekesha). Stima ikikatika wakati RAID 5 imeshaandika data lakini bado haijaandika pariti, hesabu inabaki na uongo ndani yake. Hutauona leo. Utauona siku diski itakapokufa na uongo huo ukatumika kuijenga upya. UPS ndogo inapunguza hatari hiyo sana, na ni nafuu kuliko diski moja.

Msimamo wangu basi: nyumbani, achaneni na RAID 5. Chukueni diski mbili kubwa, moja iwe kioo cha nyingine, RAID 1, kwa sababu hata kisanduku kikiungua kila diski inabeba faili zote peke yake. Hela zilizobaki ziende kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. RAID ya aina yoyote itafuta kwa utiifu mkubwa faili uliyoifuta, na visanduku vya QNAP vilivyofungwa na virusi vya Qlocker mwaka 2021 vilikuwa na RAID nzima kabisa.

Wenye RAID 5 tayari na wasioweza kubadili, jifunzeni kabla ya msiba. Tengenezeni faili nne za GB 1 kwa truncate, zigeuzeni kuwa diski za bandia kwa losetup, undeni safu juu yake, wekeni picha kadhaa, kisha muiue moja kwa mdadm --fail. Andikeni faili zaidi, ueni ya pili, halafu msome Events na mjaribu kuifufua. Mkiharibu, futeni zile faili nne na muanze tena. Inachukua jioni moja.