Panda Msesewe Kabla ya Kumwaga Wali

MTEREMKONI
Na Anaeli Mtui

Msesewe ukiiva Kidia au Tsuduni, habari husambaa bila mpiga mbiu. Shore hutangulia, wakilumbana tangu kabla jua halijachomoza. Kuzumburu huja kwa kikundi, mikia mirefu ikining'inia, wakitambaa matawini kama panya. Mti ambao gome lake huipa mbege ukali ndio huohuo unaowashibisha ndege wa kitongoji kizima, na hakuna aliyewahi kununua punje moja ya chakula chao.

Kuna wenye nyumba, huku Old Moshi na kule chini mjini, wanaowawekea ndege chakula uani: wali uliobaki, makombo ya mkate, pumba, mtama kwenye sahani juu ya nguzo. Nia yao ni njema na safu hii inaipenda. Aliyezoea kumtazama ndege akila hawezi kesho yake kumrushia jiwe. Kinachotia uchungu ni pale sahani hiyo inapowekwa baada ya mringaringa kukatwa, msesewe kung'olewa, uzio wa masale kubadilishwa kwa ukuta wa matofali na ua kutandazwa peving. Ndege amenyang'anywa shamba zima, kisha anapewa kiganja cha wali.

Kihamba chenyewe, shamba la mseto linaloizunguka nyumba, ndicho chakula cha ndege. Juu kabisa husimama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini magimbi na mboga. Mwaka 2006 mtafiti wa Kijerumani Andreas Hemp, aliyetumia miaka mingi kuichunguza mimea ya Kilimanjaro, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba vihamba vya Wachagga vina zaidi ya aina 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Zilijiotea zenyewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likakitambua kihamba cha Shimbwe Juu, kwa majirani zetu wa Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Kila tabaka lina mlaji wake. Hondohondo wenye midomo mikubwa hushuka kutoka msituni kufuata tini za mikuyu, na mlio wao husikika ng'ambo ya bonde. Chozi hunyonya ua la mgomba, au hukimbilia mriri unapotoa maua yake mekundu. Katikati ya kahawa hupita makundi ya ndege wadogo wa kijani na njano, wenye pete nyeupe machoni, wakikagua majani juu na chini. Na pale mama anapoanika ulezi uliochipua ili uwe kimea, ndege wadogo wekundu hutua pembeni ya jamvi kuokota zilizodondoka. Huko ndiko kulisha ndege kulikokuwapo siku zote, na hakukuhitaji nguzo wala sahani.

Mteremko huu una historia na ndege ambayo ingepaswa kujulikana na kila mtoto wake. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Moshi ya Mangi Rindi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, akiwa ametumwa kukusanya mimea na wanyama wa Kilimanjaro kwa ajili ya wanasayansi wa Uingereza. Kutokana na safari hiyo dunia ya sayansi ilimfahamu chozi wa juu mlimani, yule wa kijani kinachometameta, mwenye manyoya mawili marefu ya mkia na vishada vyekundu ubavuni, ambaye hutafuta chakula kwenye malobelia makubwa mahali penye baridi kali. Mwaka 1885 akaandikwa rasmi kwa jina la Nectarinia johnstoni. Ndege wa Mlima Kilimanjaro akabeba jina la mgeni aliyekaa miezi kadhaa tu. Inasikitisha kwamba mtoto anaweza kumaliza darasa la saba hapa bila kukisikia kisa hicho hata mara moja.

Kwa anayetaka hoja ya mfukoni, ipo, na imepimwa humuhumu Kilimanjaro. Watafiti wakiongozwa na Alice Classen wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walifunika mikahawa kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, wakailinganisha na mikahawa iliyoachwa wazi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Royal Society ya London, yalionyesha kwamba ndege na popo hao wanaokula wadudu waliongeza kiwango cha matunda yanayoshika kwa wastani wa asilimia 9. Nyuki na wachavushaji wengine nao waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7.4. Mkulima hakulipa kibarua wala hakununua dawa kupata nyongeza hiyo. Alichotakiwa kufanya ni kutowafukuza wafanyakazi hao shambani.

Nao wanafukuzwa. Bei ya kahawa iliposhuka, wengi waling'oa mikahawa wakapanda mahindi na nyanya, mazao yanayotaka jua, na kivuli kikaonekana adui. Mbao nazo zina soko. Mringaringa uliolelewa na babu kwa miaka arobaini huangushwa asubuhi moja kulipia ada au kuezeka nyumba, na hakuna wa kumlaumu mzazi mwenye ada ya kulipa. Lakini ni haki kuuliza kinapandwa nini mahali pake. Mara nyingi jibu ni mgrivea. Mti huo una faida zake: hukua haraka, hutoa mbao, na chozi huyapenda maua yake. Hauna tunda la nyama kwa shore wala kwa hondohondo. Kihamba cha migrivea mitupu kina kivuli, lakini mla matunda hana cha kufuata humo.

Kwa hiyo anayetaka kutazama ndege kutoka barazani aanze na miti mitatu minne ya asili, na kwa mwenye kiwanja kidogo hata mmoja. Msesewe, mringaringa, mriri, mkuyu kama nafasi ipo. Mkuyu una mizizi mikubwa, usipandwe karibu na msingi wa nyumba wala shimo la choo.

Baada ya miti, maji. Mingi ya mifongo, mifereji yetu ya maji, hupungua sana wakati wa kiangazi, na bakuli pana lisilo na kina, lenye jiwe katikati la kutua, huleta ndege wengi kuliko sahani ya nafaka. Liwekwe mahali ambapo paka hapati pa kujificha. Maji yabadilishwe kila siku na bakuli lisuguliwe, kwa sababu mbu huchukua wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka.

Kuhusu nafaka, tahadhari inatakiwa. Uingereza, nchi ambayo kulisha ndege bustanini ni desturi ya mamilioni ya kaya, imejifunza kwa gharama. Tangu mwaka 2005 ugonjwa wa vimelea vinavyoshambulia koo umeua chiriku wa kijani wa huko kwa wingi, na mwaka 2021 ndege huyo aliingizwa katika orodha nyekundu ya walio hatarini nchini humo. Vimelea hivyo hupita kwa mate na chakula kilichochafuliwa, yaani hasa pale ndege wengi wanapokusanyika kwenye sahani moja. Mapema mwaka 2025, RSPB, chama kikubwa cha uhifadhi wa ndege, kilisimamisha uuzaji wa sahani bapa za kulishia.

Hapa kwetu kuna kuku. Kideri kikiingia kijijini kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na virusi vyake hupatikana pia kwa njiwa na ndege wengine. Sahani ya ndege wa porini isiwekwe karibu na banda, na kuku wasiachiwe kudonoa makombo yaliyo chini yake. Chanjo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi mitatu hadi minne, ndege wa porini wawe wanalishwa au la. Na mahindi yaliyoota ukungu yasimwagwe nje kwa kisingizio kwamba ni ya ndege tu. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haichagui tumbo.

Atajitokeza mkulima wa mpunga wa Chekereni au Mabogini kusema kwamba safu hii inawatetea wezi. Hasira yake inaeleweka. Kwelea kwelea hutua kwa maelfu mengi, na watoto hushinda mashambani wakipiga madebe badala ya kuwa darasani. Lakini kwelea kwelea ni aina moja tu kati ya zaidi ya aina 1,100 za ndege wanaopatikana Tanzania, naye ni ndege wa nyanda za chini. Shore wa Old Moshi asihukumiwe kwa kosa lake. Ni kweli kuzumburu hutoboa mapapai na kuharibu mboga changa; wavu wa bei ndogo juu ya kitalu humzuia vizuri kuliko jiwe.

Jiwe lenyewe ndilo jambo linalostahili kukemewa kwa sauti. Manati shingoni mwa mtoto imeonekana mchezo kwa muda mrefu mno, na ulimbo kwenye tawi ni ukatili mkubwa zaidi, maana ndege hukaa amenasa akihangaika hadi mwenye mtego arudi. Bundi naye hupigwa kwa kuitwa mchuro, wakati chakula chake kikubwa ni panya, haohao wanaokula mahindi darini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahusu ndege pia. Wazazi na wenyeviti wa vitongoji waisimamie, bila kungoja askari wa wanyamapori apande mlima kwa ajili ya manati.

Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inapogawa miche ihakikishe miti ya asili yenye matunda haikosekani katika vitalu, na kata za Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi ziidai kabla masika hayajaanza. Shule za msingi nazo zinaweza kuanza bila bajeti. Daftari moja kwa kila darasa linatosha: tarehe, saa, mti, ndege aliyeonekana na alichokuwa akila. Mtoto atajifunza kumtofautisha kwera wa kawaida na kwera wa Taveta, ambaye anapatikana Kenya na Tanzania tu, katika ukanda huu wa Kilimanjaro. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kipo Mweka, upande wa Kibosho, tangu mwaka 1963, na kimefundisha wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Walimu wakuu wa Old Moshi wakiandikie barua, waombe mwanafunzi mmoja anayezijua sauti za ndege aje kutembea vihambani na watoto Jumamosi asubuhi.