Vikwazo vya mafuta vinavyofika hadi Bunda

WAKAZI wa Musoma, Bunda na Butiama walio wengi hawana hisa katika masoko ya London wala New York. Hata hivyo, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapotangaza bei kikomo za mafuta, husomewa hesabu ya masoko hayo.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, pipa la mafuta ghafi aina ya Brent lilikaribia dola 140 za Marekani mwanzoni mwa Machi. Wakati huo Umoja wa Ulaya ulikuwa bado haujapiga marufuku mafuta ya Urusi. Katazo la mafuta ghafi yanayosafirishwa kwa meli lilianza Desemba 5 mwaka huo, bei ikiwa imekwishashuka chini ya dola 90. Soko lilikuwa limelipia hofu miezi tisa kabla ya katazo lenyewe.

Serikali ilitoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kuanzia Juni 2022. Ilipunguza makali vituoni, lakini haikugusa jambo la pili, yaani dola. Benki Kuu ya Marekani, ikipambana na mfumuko wa bei ambao mafuta yalikuwa yameuchochea, ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023. Fedha za wawekezaji zikaelekea huko, na Tanzania ikakumbwa na uhaba wa dola. Msafirishaji wa pamba wa Bunda akawa analipa mara mbili: bei ya pipa, kisha bei ya dola ya kulinunulia.

Si mara ya kwanza. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu ziliposusia kuiuzia Marekani mafuta, Tanzania haikuwa mlengwa. Tena Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa amevunja uhusiano na Israel mwezi huohuo. Urafiki huo haukupunguza bei. Pipa lilipanda kutoka takriban dola 3 hadi zaidi ya dola 11 ifikapo Januari 1974, na akiba ya fedha za kigeni ikamomonyoka.

Tofauti ya sasa ni dhahabu. Misukosuko ileile inayopandisha mafuta mara nyingi hupandisha pia dhahabu, na Mara inayo, kuanzia North Mara wilayani Tarime hadi Buhemba wilayani Butiama. Mvuvi wa Musoma anayenunua petroli ya mashine ya mtumbwi hauzi dhahabu, kwa hiyo hapati fidia ya moja kwa moja. Lakini tangu Oktoba 2024 wachimbaji wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, na Benki Kuu ya Tanzania huinunua kwa shilingi. Akiba hiyo ndiyo itakayopimwa meli zijazo za mafuta zitakapotakiwa kulipiwa kwa bei ya hofu.