Nani Akae Dirisha la Dawa Mutaho?

Tangu Mei 2006, mama wa Burundi hujifungua bila malipo katika vituo vya umma, na mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure. Vituo vikajaa. Vijijini, muuguzi anayepima na kuzalisha mara nyingi ndiye pia mwenye funguo za ghala la dawa. Je, Mutaho, kaskazini mwa Gitega, isomeshe vijana kwa kazi ya dawa peke yake, au muuguzi aongezewe semina mambo yaishe?

Wanaomtetea muuguzi wana hoja: mshahara mmoja, kazi mbili. Ningekuwa upande wao kama dawa zingekuwa vidonge vya kuhesabu tu. Lakini oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya uzazi, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Friji ikizimika, kichupa hubaki na sura ileile huku dawa ikipoteza nguvu. Malaria nayo: Burundi imeacha mseto wa artesunate na amodiaquine, uliomezwa mara moja kwa siku, ikashika artemether na lumefantrine, mara mbili kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta. Nani atayaeleza hayo kwa Kirundi, taratibu, wakati muuguzi anaitwa chumba cha uzazi?

Tanzania imepita njia mbili. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ilianzisha maduka ya dawa muhimu, wauzaji wake wakifundishwa kwa wiki chache. Yalisogeza dawa halali karibu na mkulima, ila muuzaji hula kutokana na anachouza, na hilo halifutiki kwa semina. Njia ya pili ni stashahada ya famasia ya miaka 3 kwa aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu kemia na biolojia. Kenya inafundisha fani hiyo katika KMTC, vyuo vyake vya umma vya tiba, kwa muda uleule.

Mimi ningechukua stashahada, kwa sharti kwamba mwanafunzi ashinde ghalani muda mrefu: ajaze kadi za stoku, akadirie mahitaji ya msimu wa malaria, aandike oda ya kupeleka famasi ya wilaya, inayochukua dawa CAMEBU, bohari kuu ya dawa ya taifa. Mitihani ya darasani peke yake haimfundishi mtu dawa gani itaisha kabla ya mvua.

Kabla ya yote, wizara itenge nafasi ya kazi yenye cheo na mshahara. Bila hiyo, mhitimu atapanda gari kwenda famasi binafsi za Bujumbura, na sitamlaumu. Wahitimu wa kwanza waende hospitali na famasi ya wilaya. Vituo vidogo havihitaji mtu wa kudumu: mhitimu mmoja anaweza kuzunguka kadhaa, akikagua friji, tarehe na vitabu, huku muuguzi akiendelea kugawa.