Daftari la Wiki: Adelaide kwa Miguu

Kwenye vivuko vya Adelaide, Australia Kusini, kuna kikasha kilichofungwa nguzoni, kina kitufe cha chuma kipana. Muda wote kinagonga polepole, tok… tok… tok. Taa ya kijani ikiwaka, mlio unabadilika kuwa mbio mbio. Ukikishika kwa kiganja unahisi kinatetemeka, hivyo hata asiyeona wala kusikia anajua zamu yake imefika. Kwa mtu aliyezoea kuvuka Digo Road, Mombasa, kwa kumtegemea Mungu na mbio zake mwenyewe, hiki kidude ni burudani. Nilikuwa bado nimekishika pale Mama Zuhura aliponivuta shati. “Baba Zuhura, taa itazima, na wewe umeganda hapo!”

*

Mji huu ulichorwa kwanza, ukajengwa baadaye. Mchoraji ni Kanali William Light, mzaliwa wa Kedah huko Malaya, aliyeupima mwaka 1837: mitaa mipana iliyonyooka, viwanja vya wazi sita, na kuzunguka vyote mkanda wa bustani. Gavana John Hindmarsh alitaka mji usogezwe karibu na bahari. Light akagoma, akaushikilia uwanda wa ndani kando ya mto Torrens. Ubishi haukumpa raha. Alijiuzulu mwaka 1838, na mwaka uliofuata kifua kikuu kikamuua. Kaburi lake liko katikati ya mji, kwenye kiwanja chenye jina lake, na juu ya kilima cha Montefiore sanamu yake ingali inanyoosha kidole kuelekea alipopachagua.

Ukitembea ndipo unapoona alishinda. Kutoka East Terrace hadi West Terrace ni kama kilomita 2, tambarare tupu. Mama Zuhura, ambaye nyumbani hupanda bodaboda kwenda kununua chumvi, alitembea asubuhi nzima na hakuuliza tumebakiza wapi.

Nisimsifu Light kupita kiasi. Ramani yake ilitandikwa juu ya ardhi ya Wakaurna, wenyeji wa asili, nao hawakuulizwa. Siku hizi Victoria Square ina jina la pili kwa lugha yao, Tarntanyangga. Ni jambo jema, ingawa kuandika jina kibaoni ni rahisi kuliko kurudisha kiwanja.

Na ule mkanda wa bustani? Uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 2008, lakini kwa miaka mingi umekuwa ukimegwa: kipande cha reli, cha gereza, cha hospitali, cha uwanja wa kriketi. Kila mmegaji alikuwa na sababu nzuri. Ndivyo viwanja vya wazi vinavyokwisha popote, hata kwetu, ila kwetu sababu haitolewi.

*

Mtaa wa Grenfell ukivuka mtaa wa King William unageuka kuwa Currie. Rundle nao unakuwa Hindley. Wenyeji husema ni kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza mfalme. Mgeni anayeshika ramani vibaya hulipa deni la adabu hiyo.

*

Nilichokuja kukiona hasa kiko kwenye kichochoro, Little Gilbert Street: msikiti wa mawe ya kijivu uliojengwa 1888 na 1889, na minara minne myeupe iliyoongezwa mwaka 1903. Waliouanzisha ni waendesha ngamia. Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa kutoka Afghanistan, Baluchistan na Punjab, kwa sababu farasi hawakuliweza jangwa la kati. Misafara yao ilibeba sufu, maji na vifaa vya ujenzi. Wazungu wakawaita wote Waafghani, basi. Treni inayotoka Adelaide hadi Darwin bado inaitwa The Ghan kwa ajili yao, lakini enzi zile wengi walinyimwa uraia na hawakuweza kuleta wake zao.

Mbaluchi tunamjua. Makadara, Mombasa, ana msikiti wake na vizazi vyake, naye ni Mswahili kama sisi. Upepo huohuo wa Bahari ya Hindi uliwapeleka wengine huku, wengine kule. Mama Zuhura aliswali adhuhuri. Mimi nikabaki uani nikiitazama ile minara, mifupi, iliyobanwa na paa za majirani. Si msikiti wa kujionyesha.

*

Chupa tupu hapa ni senti 10. Sheria ya kurudisha chupa ilianza jimboni mwaka 1977, na majimbo mengi yakachelewa miongo kadhaa kuiga. Tulimwona mzee nadhifu, kofia kichwani, akipekua pipa moja baada ya jingine bila kumwaga kitu, kisha akafunga mifuniko. Hakuna aliyemkodolea macho isipokuwa sisi.

*

Tramu ni ya bure katikati ya mji. Ukitaka kwenda ufukweni Glenelg unalipa, na kwa takriban nusu saa inakushusha hatua chache kutoka gatini. Nilitamani chakula maarufu cha Adelaide, pai ya nyama iliyozamishwa kwenye supu nzito ya njegere. Mama Zuhura akauliza nyama imechinjwa na nani. Mjadala ukaishia hapo, tukanunua samaki na chipsi. Shakwe wa Glenelg hawana haya: mmoja alinichukulia kipande cha samaki mkononi, na mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini.