Ufunguo wa Ghala Uko kwa Nani?

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa tangu siku zake za mwanzo chuoni kwamba silaha yake ni ile iliyo mkononi mwake, ambayo nambari yake ameitilia sahihi kitabuni. Silaha iliyofungiwa katika ghala ambalo ufunguo wake hana, hata akiambiwa mara mia kwamba ni yake, haitamfaa usiku wa hatari. Tumeanza na somo hili la kale kwa sababu leo twataka kulizungumzia jambo jipya, ambalo kwa kulitazama juujuu laonekana kuwa ni la mchezo tu, lakini ndani yake mna funzo kwa kila mtu mzima anayepokea mshahara na kuutumia.

Jambo lenyewe ni biashara ya kuchezesha michezo ya video kwa njia ya intaneti kutoka katika kompyuta zilizo mbali, na hasa mkasa wa kampuni ya Google ya Marekani, iliyoingia katika biashara hiyo kwa kishindo mwaka 2019 na kuifunga mwanzoni mwa mwaka 2023.

Yafaa kwanza tueleze biashara hii ni ya namna gani. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kucheza michezo hiyo alinunua mashine, akanunua na diski ya mchezo, akaitia mashinani, akacheza. Siku aliyouchoka mchezo wake, aliweza kumwuzia mwenziwe, kumwazima jirani, au kumwachia mwanawe. Katika utaratibu huu mpya, mchezaji hana mashine wala diski. Mchezo wenyewe unaendeshwa na kompyuta yenye nguvu iliyo katika jumba la kampuni, pengine mamia ya kilomita kutoka hapo alipo. Yeye hupelekewa picha tu, kama mtu atazamaye mpira katika televisheni. Naye kila abonyezapo kitufe, amri yake husafiri hadi kwenye jumba lile, ikatekelezwa huko, na picha mpya ikarudishwa kwake. Wenyewe husema kwamba mchezo uko "winguni". Neno hilo lisitudanganye. Hakuna wingu lolote. Kuna majumba yaliyojengwa juu ya ardhi, yaliyojaa kompyuta, yenye milango, walinzi, na mwenyewe.

Tarehe 19 Machi 2019, mjini San Francisco, mkuu wa Google, Bwana Sundar Pichai, alipanda jukwaani mbele ya mkutano wa watengenezaji wa michezo, na hapo kampuni yake ikatangaza huduma iliyopewa jina la Stadia. Ahadi ilikuwa tamu. Mtu asiye na uwezo wa kununua mashine ya bei kubwa angeweza kucheza mchezo wowote mzuri katika televisheni, kompyuta ya kawaida au simu. Angeanza sebuleni na kuendelea safarini. Tarehe 19 Novemba mwaka huo huo huduma ilifunguliwa katika nchi 14 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Vifaa vya kuanzia viliuzwa kwa dola 129. Aliyetaka picha za ubora wa juu kabisa alilipa karibu dola 10 kila mwezi. Na juu ya hayo, michezo mingi ilibidi kununuliwa mmoja mmoja, kwa bei ile ile ya madukani, mingine ikifika dola 60.

Google haikuwa ya kwanza kujaribu. Kampuni ya OnLive, ya huko huko Marekani, ilianza biashara kama hiyo mwezi wa Juni 2010, nayo ikafa mwezi wa Aprili 2015. Lakini watu wengi walisema kwamba safari hii mambo ni mengine, kwa kuwa aliyekuja ni jitu lenye fedha zisizohesabika na majumba ya kompyuta katika nchi nyingi. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Ukubwa wa mwenye duka si dhamana ya uhai wa duka. Tajiri mwenye maduka mia hawezi kulilea moja lisilomletea faida. Hulifunga, akaendelea na tisini na tisa. Nao wateja wa Google walikuwa wamekwisha kuonywa. Mwaka 2013 kampuni hiyo iliifunga huduma ya Google Reader iliyopendwa na wasomaji wa habari, na mwezi wa Aprili 2019, wiki chache tu baada ya Stadia kutangazwa, iliwafungia wananchi wa kawaida mtandao wake wa Google+.

Kosa la pili lilikuwa la kudharau umbali. Ndugu zetu walioshika redio vitani au doriani wataelewa upesi. Kamanda wa kikosi kidogo aliyelazimishwa kuomba ruhusa makao makuu kabla ya kila hatua, na kungoja jibu, atapigwa kabla jibu halijafika. Hali ndiyo hiyo katika michezo hii. Picha 60 hupita mbele ya macho kila sekunde. Mwanga katika nyaya za kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, mwendo ambao ni mkubwa, lakini una kikomo. Na njiani amri hupita katika mitambo mingi ambayo kila mmoja huichelewesha kidogo. Kwa hiyo anayekaa mbali na jumba la kompyuta, au mwenye intaneti dhaifu, hubonyeza kitufe sasa na kuona matokeo baadaye. Google yenyewe ilisema kwamba mteja anahitaji mawasiliano ya megabiti 10 kwa sekunde kwa uchache, na megabiti 35 kwa picha za ubora wa juu. Basi huduma iliyotangazwa kuwa ni ukombozi wa asiye na mashine iligeuka kuwa starehe ya mwenye intaneti ya nguvu, akaaye karibu.

Anguko halikukawia. Mwezi wa Februari 2021 Google ilitangaza kuzifunga karakana zake za kutengeneza michezo, chini ya miaka miwili tangu kuundwa kwake. Mwezi wa Julai 2022 uvumi ulipoenea kwamba Stadia itafungwa, wahusika waliukana hadharani na kuwatuliza wateja. Tarehe 29 Septemba 2022, baada ya miezi miwili tu, kampuni ilitangaza kwamba inaifunga. Baadhi ya watengenezaji wa nje, waliokuwa bado wakiiandalia Stadia michezo, walisema kwamba habari hiyo waliipata siku ile ile pamoja na umma. Tarehe 18 Januari 2023 mlango ulifungwa.

Hatupendi kumnyima mtu haki yake, hata akiwa ni jitu. Google iliwarudishia wateja fedha za vifaa walivyonunua katika duka lake, na fedha za michezo waliyoinunua katika duka la Stadia. Aidha, ilitoa programu ya kuviwezesha vile vifaa vya kuchezea vya mkononi kutumika na mashine nyingine, visiwe takataka. Huo ni uungwana, nasi twausifu. Lakini ada za kila mwezi hazikurudishwa, wala hazikurudi saa za watu. Mchezaji mmoja alieleza hadharani kwamba alikuwa ametumia karibu saa 6,000 katika mchezo mmoja wa Stadia, na akaomba asaidiwe kuihamisha kazi yake. Saa 6,000 ni miaka miwili na zaidi ya mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku bila kupumzika hata Jumapili moja. Hazina risiti, na hakuna duka linaloweza kuzirudisha.

Tena tujiulize: je, kama mwenye ghala angekuwa kampuni iliyofilisika? Fedha zingerudishwa na nani? Wateja wa Stadia waliokolewa na utajiri wa aliyewafungia mlango, wala si na ufunguo waliokuwa nao mkononi. Na jambo linalotegemea utajiri na moyo wa mtoaji, hilo si haki bali ni hisani. Wazee wetu walilimaliza zamani waliposema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Asidhani mtu kwamba baada ya Google kuondoka biashara hii imekufa. La hasha. Nvidia ilifungua huduma yake kwa umma mwezi wa Februari 2020, Microsoft ikafuata Septemba mwaka huo, na Amazon nayo ikaingia. Microsoft ilipotaka kuinunua kampuni ya michezo ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizuia ununuzi huo mwezi wa Aprili 2023, kwa hoja kwamba Microsoft tayari ilikuwa na sehemu kubwa ya biashara hii ya winguni na ingeweza kuwabana wenzake. Ruhusa ilitolewa Oktoba 2023, baada ya Microsoft kukubali kuziuza kwa kampuni ya Ubisoft haki za kuichezesha michezo ya Activision kwa njia hiyo. Nalo jimbo la California, ambamo makampuni mengi ya namna hii yamezaliwa, lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayokataza duka la namna hii kumwambia mteja "nunua" bila ya kumweleza waziwazi kwamba anachopewa ni kibali cha kutumia tu, kibali kinachoweza kuondolewa.

Ndugu zetu wa polisi, ambao kazi yao ya kila siku ni kutofautisha mwenye mali na mshika mali, watauona uzito wa sheria hiyo. Imekubali mbele ya dunia nzima kwamba neno "kununua" lilikuwa likitumika mahali ambapo hakuna kilichonunuliwa. Mtu alikuwa mpangaji, akaitwa mwenye nyumba.

Huenda msomaji akasema: Stadia haikufika Afrika hata siku moja, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu kamba tunayoning'inia ni ile ile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizo chini ya bahari, ya EASSy na ya Seacom, zilipatwa na hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku ile aliyekuwa na kitabu kabatini alikisoma, na aliyekuwa na picha katika simu yake aliziona. Lakini aliyeweka kila kitu chake katika ghala la ng'ambo alikaa akiangalia kioo kitupu. Na utaratibu wa Stadia si wa michezo peke yake. Picha, nyimbo, vitabu, barua na hata vyeti vya watu wengi sasa vimewekwa katika majumba hayo hayo ya mbali, kwa masharti ambayo wachache huyasoma.

Hatusemi kwamba askari asicheze. Aliyetoka zamu ya usiku kucha, au aliyerudi kambini baada ya miezi ya operesheni, ana haki ya kuburudisha akili yake kama binadamu yeyote. Wala hatusemi kwamba ufundi huu ni mbaya. Kumwezesha asiye na mashine ya bei kubwa acheze sawa na tajiri ni wazo jema, na huenda siku moja likatimizwa vyema zaidi. Tunalosema ni kwamba mshahara wa askari hupatikana kwa jasho, na pengine kwa damu. Hivyo haifai utoke mfukoni kwa sababu ya jina kubwa na tangazo zuri.

Kabla ya kulipa, basi, na ayaulize maswali matatu. La kwanza: nikiacha kulipa mwezi ujao, nitabaki na nini mkononi? La pili: wao wakifunga, kuna mahali palipoandikwa kwamba nitarudishiwa changu, au nategemea huruma? La tatu: waya ukikatika leo usiku, nitaweza kukitumia? Akiona majibu yote matatu ni mabaya, lakini bado anataka, na alipe kama mtu akodishaye kiti cha sinema: afurahi, atoke, asijidanganye kwamba kiti ni chake. Na lile asiloweza kulirudisha likipotea, kama picha za watoto wake aliowaacha nyumbani, cheti chake cha kozi, au maandishi ya marehemu baba yake, aliwekee nakala mahali ambapo ufunguo wake anao mwenyewe.

Mlinzi wa ghala akabidhiwapo zamu, huhesabu kwanza vilivyomo, kisha huuliza ufunguo uko wapi. Hasaini kitabu kabla ya kuuona. Uangalifu huo tunaoutumia kwa mali ya umma, tuutumie pia kwa mali yetu na ya watoto wetu.