KITAMBI SI CHEO

KATIKA jamii yetu mtumishi akipandishwa cheo, kisha baada ya miezi michache akaonekana mwili umemjaa na tumbo limetangulia mbele, watu humsifu. Husema amenawiri, mambo yake yamemnyookea, na nyumbani anatunzwa. Yule aliyepungua mwili huulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini, au amepatwa na msiba gani. Hukumu hiyo imekaa vichwani mwetu kwa miaka mingi, hata wapo watu wanaoona aibu kupungua. Sisi twasema kwamba hukumu hiyo ni ya uongo, na tena ni ya hatari.

Ni ya hatari kwa sababu unene uliopita kiasi, hasa ule unaojikusanya tumboni, hauishii katika kubanwa na nguo. Hupandisha shinikizo la damu, huufanya mwili ushindwe kuitumia sukari sawasawa, na huandaa njia ya kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi. Maradhi hayo hayapigi hodi. Mwalimu huingia darasani asubuhi akiwa mzima machoni pa wanafunzi wake, na jioni akapelekwa hospitali upande mmoja wa mwili umepooza. Siku hiyo ndipo aambiwapo kwamba shinikizo lake la damu lilikwisha panda zamani, naye hakuwahi kupimwa.

Wala hatuzungumzi juu ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa watu 26 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi, na 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, waliozidi uzito walikuwa 18 katika kila 100 katika uchunguzi wa 2004-05. Ulipofanywa uchunguzi wa 2015-16 walikuwa wamefika 28. Ongezeko la namna hiyo katika muda mfupi haliwezi kuitwa kudra. Lina sababu zake, na sababu hizo ziko mezani petu na katika viti tunavyokalia.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo mwaka 2022 watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa haina nafasi ya kujadili vitambi vya wakubwa. Hoja hiyo yaonekana nzito, lakini haisimami. Kudumaa na kunenepa kupita kiasi ni watoto wa mama mmoja, naye ni lishe mbaya. Twaweza kuwakuta wote wawili katika nyumba moja: baba hawezi kufunga vifungo vya shati, na mtoto hafikii kimo cha wenzake, kwa kuwa chakula chao kimejaa wanga na mafuta, kikakosa kunde, mboga na matunda. Anayejifunza kula vizuri kwa ajili ya mwili wake hujifunza pia kumlisha mwanawe.

Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, kitambi kilikuwa alama ya mnyonyaji. Mchoraji wa vibonzo alipotaka kumwonyesha kupe anayeishi kwa jasho la wengine, alimpa tumbo kubwa, na msomaji akaelewa. Leo alama hiyo haitoshi kueleza mambo. Kitambi sasa anacho karani wa masijala, anacho mwalimu wa shule ya msingi, anacho na dereva wa ofisi. Hawakumnyonya mtu yeyote. Vyakula vinavyonenepesha vimekuwa rahisi kupatikana na vimepewa heshima visivyostahili, na kazi zao zimewafunga kitini.

Tuitazame siku moja ya mtumishi. Asubuhi hunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na maandazi mawili au chapati. Saa nne kuna kikao, na katika kikao kuna sambusa, na soda kwa kila mjumbe. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo mjumbe wetu, kabla ajenda ya pili haijafunguliwa, amekaribia kumaliza sukari yake ya siku nzima.

Mchana hula chipsi mayai, au wali uliorundikwa na kipande cha nyama, na mchicha kidogo pembeni kama pambo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na sahani ya viazi vilivyozamishwa katika karai hutoka na zaidi ya kijiko kimoja. Jioni hurudi nyumbani kwa daladala, huketi mbele ya televisheni, hula ugali wa sembe saa tatu usiku, kisha hulala. Hakuna katika siku hiyo jambo linaloweza kuitwa ulafi. Kuna mazoea tu, na mazoea hayo, yakirudiwa kwa miaka ishirini ya utumishi, humfikisha mtu hospitalini.

Dawa ya mazoea hayo haitoki ng'ambo. Unga wa dona hubaki na ganda na kiini cha mahindi, na yale makapi-mlo yake hushibisha kwa muda mrefu kuliko sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe. Maharage, kunde, choroko na dagaa hujenga mwili kwa gharama ndogo kuliko nyama choma. Mchicha, matembele, kisamvu na mlenda vinaota mashambani kwetu, na mapapai na machungwa yanauzwa kila sokoni. Sahani ya mtu mzima yafaa nusu yake iwe mboga na matunda, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iliyobaki iwe kunde, samaki au nyama. Maji yachukue nafasi ya soda. Chakula cha usiku kiliwe mapema na kiwe chepesi. Mambo haya ni madogo, na kwa udogo wake mtu huyadharau.

Tukija kwenye viti, yapo mafundisho ya zamani ambayo yawahusu watumishi moja kwa moja. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Waliona kwamba madereva, waliokaa kitini kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa mbili. Walipowatazama watumishi wa posta wakaona hali kama hiyo: wapeleka barua, waliotembea na kuendesha baiskeli, walikuwa salama zaidi kuliko makarani waliobaki mezani. Tangu wakati huo uchunguzi mwingi umethibitisha kwamba mwili usiotumika huharibika. Kipimo kinachoshauriwa leo kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za kazi au mazoezi yanayoharakisha pumzi, nazo ni nusu saa kwa siku tano.

Lakini tusijidanganye kwamba jasho peke yake latosha. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kupima nguvu zinazotumiwa na miili ya Wahadzabe, ndugu zetu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hutembea sana kila siku. Hata hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, nguvu walizotumia kwa siku hazikuzidi zile za watu wa Marekani na Ulaya. Fundisho lake ni kwamba mtu hawezi kukimbia Jumamosi ili afute chipsi za wiki nzima. Chakula ndicho hasa kipunguzacho uzito. Mazoezi huulinda moyo, hushusha shinikizo la damu, na huzuia uzito uliokwisha pungua usirudi. Anayeshika kimoja akaacha kingine amejenga nyumba ya ukuta mmoja.

Habari njema ni kwamba hatudaiwi miujiza. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na kupunguza sehemu 7 katika kila 100 za uzito wao. Kwa mtu mwenye kilo 80, hizo ni kilo zisizofika sita. Katika kundi hilo, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa dawa wala mafunzo hayo. Waliopewa vidonge vya metformin walipungua kwa asilimia 31. Sahani na miguu vilishinda vidonge.

Mtumishi atasema hana muda, tena hana fedha za kulipia ukumbi wa mazoezi. Twamjibu kwamba barabara haina kiingilio. Ashuke kituo kimoja kabla ya kile cha ofisini. Apande ngazi badala ya lifti. Aende sokoni kwa miguu. Tunafahamu kwamba wapo wanaoona kutembea ni dalili ya unyonge. Hao wakumbuke kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Urais wake haukupungua njiani.

Hata hivyo, itakuwa si haki kumwachia kila mtu mzigo huu peke yake, hali mazoea tunayoyalaumu yanalelewa na ofisi zenyewe. Desemba 2016, Rais Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo lilikuwa jema. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi ni mwanzo tu, na pale ambapo watumishi hukimbia Jumamosi, wakavaa fulana mpya na kupiga picha, kisha Jumatatu wakaletewa sambusa na soda kama kawaida, agizo halijatekelezwa. Vivyo hivyo michezo ya watumishi: wachache wenye vipaji hucheza, na wengi wenye vitambi hushangilia.

Nchi hii inajua namna ya kufanya jambo likafanyika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasoma vitabu, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Hawakuishia katika kusikiliza hotuba. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kikundi: mtu alitenda kwa sababu jirani yake alitenda.

Basi kila ofisi na kila shule iwe kikundi. Mkuu wa kazi aanze na chai ya kikao: maji, matunda, karanga au mahindi ya kuchemsha vichukue nafasi ya soda na vya kukaanga. Jambo hilo halihitaji waraka wala fungu jipya. Upangwe utaratibu wa kupima uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka, na majibu yawe siri ya aliyepimwa. Shuleni, kipindi cha michezo kisigeuzwe kipindi cha hesabu mitihani inapokaribia, wala mwalimu asikae kivulini na kiboko huku wanafunzi wakikimbia. Akimbie nao. Watoto hufuata miguu ya mwalimu kuliko maneno yake. Na viongozi wa Chama na Serikali watangulie, maana mtumishi hataamini kwamba kitambi si cheo ikiwa kila mwenye cheo anacho.

Twapenda kuonya juu ya mambo mawili. La kwanza, pasiwe na kudhihakiana. Mwenye mwili mkubwa si mtu wa kuchekwa katika ofisi, na wapo ambao unene wao watokana na maradhi au dawa wanazotumia. La pili, wananchi wajihadhari na wauzaji wa dawa za kupunguza unene kwa wiki moja, na desturi ya kujinyima chakula hadi kuzimia. Uzito ulioingia kwa miaka hauna budi kutoka kwa miezi. Nusu kilo au kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone mganga kwanza.

Taifa humsomesha mwalimu kwa miaka mingi, na humhitaji zaidi anapofikia umri ambao uzoefu wake umekomaa. Akianguka akiwa na miaka hamsini, watoto hukosa mwalimu, na nyumba hukosa mlezi. Twaweza kuzuia mengi ya maanguko hayo kwa sahani na kwa miguu yetu wenyewe. Kesho saa nne, kikao kitakapofunguliwa, mwenyekiti na aagize maji.